Bodi ilipitisha rasimu ya 4, mfumo wa malipo umebeba ya 3. Kosa liko wapi?

#1 Nanga ya Ziwa
Wakuu, salaam.

Naomba mawazo ya wanaofanya kazi na mifumo ya bajeti. Mimi ni mhasibu wa taasisi isiyo ya kiserikali, tuna kliniki ya boti inayozunguka visiwani Ziwa Victoria. Mwaka wetu wa fedha ni Julai hadi Juni kama wa serikali. Bajeti tunaiandaa kwenye mfumo wa mtandaoni tulionunua miaka 3 iliyopita. Kila idara inaingiza yake, inapanda kwa meneja wa fedha, inakwenda kamati ya fedha, halafu bodi. Ikishaidhinishwa inasukumwa kwenye mfumo wa malipo.

Jumanne tarehe 11 Machi nimepeleka hati ya malipo ya mafuta ya boti, shilingi 2,340,000. Ikagoma. Kasma ya mafuta, yaani fungu lake kwenye bajeti, imebakiwa na 390,000. Nikafungua bajeti nikakuta mafuta ya mwaka mzima ni milioni 18. Nami nilikuwemo kwenye kikao cha Juni kama mwandishi wa kumbukumbu, bodi ilipitisha milioni 26.5!

Kumbe iliyoingia kwenye malipo ni rasimu ya 3. Tofauti ya rasimu ya 3 na ya 4 ni moja tu: milioni 8.5 zilitolewa kwenye mafunzo (kutoka 31 hadi 22.5) zikaongezwa kwenye mafuta. Jumla kuu ni ileile, 1,412,600,000. Ndiyo maana miezi 8 imepita bila mtu kushtuka.

Boti imefungwa, wiki ya pili hii. Kuna wajawazito kule visiwani walikuwa na tarehe ya kliniki Alhamisi iliyopita. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hesabu zenyewe.

Meneja wangu anasema kosa ni langu. Fundi wa mfumo anasema ni la bodi. Nyie mnaonaje, rasimu ambayo haikupitishwa inafikaje kwenye malipo?

#2 Chuma cha Pua
Mfumo haujibonyezi wenyewe. Kuna mtu alibonyeza. Mtafute.

#3 Kaka Jembe
Mleta mada, pole sana. Natengeneza programu za aina hii, mwaka wa 9 sasa. Kabla ya kumtafuta mtu kama anavyotaka Chuma, jibu swali moja: mfumo wenu unatenganisha *rasimu* na *hatua*?

Ni vitu viwili. Rasimu ni yaliyomo, yaani namba zenyewe. Hatua ni mahali namba hizo zilipofika: iko idarani, iko kwa meneja, iko kamatini, imeidhinishwa. Mfumo uliojengwa vizuri unaibandika hatua kwenye rasimu moja moja. Rasimu ya 4 ikiidhinishwa, ni ya 4 tu. Iliyojengwa haraka haraka inaibandika kwenye bajeti nzima. Inaandika "Bajeti 2024/25: imeidhinishwa", na chini yake rasimu zote 4 zinaning'inia, moja ina alama ya "hai". Siku ya kusukuma, mfumo hauulizi bodi ilipitisha ipi. Unachukua yenye alama.

Dau langu: alama ya "hai" ilibaki kwenye rasimu ya 3.

#4 kibatari88
Kaka Jembe umeeleza vizuri, lakini mimi naona mnaanzia mwisho. Niko idara ya mipango katika halmashauri moja. Uliza kwanza kwa nini kuna rasimu 4.

Kwetu mpango unaanzia vijijini na mitaani kwa wananchi kutaja fursa na vikwazo vyao, unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, unakuja idarani, unapita Timu ya Menejimenti, Baraza la Wafanyakazi, kamati za kudumu, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, Baraza la Madiwani, Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI, Wizara ya Fedha, halafu Bunge. Hesabu mwenyewe ni milango mingapi. Kila mlango una mtu mwenye haki ya kusema "hapa punguzeni".

Na kinachoumiza si milango, ni ukomo, yaani kiwango cha juu cha bajeti tunachopangiwa kutoka juu. Mwaka mmoja Baraza limeshapitisha, madiwani wameshapiga makofi na kwenda nyumbani, ukomo mpya ukashuka. Tukakata usiku ule ule ili tuwahi. Asubuhi kwenye mfumo kuna namba ambazo diwani hata mmoja hajaziona. Hapo nani kakosea? Hakuna aliyebonyeza vibaya. Namba zilibadilika baada ya idhini.

Mwaka ule Sheria ya Bajeti ilikuwa mpya, ya 2014 nadhani, tukawa tunajifunza huku tunakimbia.

#5 Mkaguzi Mstaafu
Kibatari, Sheria ya Bajeti ni Na. 11 ya mwaka 2015, Sura ya 439. Vijana wengi wanaikosea kwa mwaka mmoja.

Nimekagua hesabu miaka 27. Nanga, nenda kafungue muhtasari wa kikao ulichoandika wewe mwenyewe. Umeandikaje? Nina hakika umeandika "Bodi ilipokea na kuridhia bajeti ya mwaka 2024/25 yenye jumla ya shilingi 1,412,600,000". Ukiandika hivyo umeidhinisha rasimu mbili kwa mpigo, kwa sababu zote mbili zina jumla hiyo.

Muhtasari unaofaa unataja rasimu ya ngapi, ya tarehe gani, kurasa ngapi, na kila ukurasa una saini fupi ya mwenyekiti. Nakala iliyosainiwa inafungiwa kabatini. Siku ya kuingiza kwenye malipo wanakaa watu wawili, mmoja anasoma nakala ya kabatini kasma kwa kasma, mwingine anaangalia kioo na kutia tiki. Kwa taasisi ya ukubwa wenu ni kazi ya saa mbili.

#6 Nanga ya Ziwa
Mzee wangu #5, nimefungua. Umeotea neno kwa neno. "Ilipokea na kuridhia." Sikuandika namba ya rasimu.

Kaka Jembe, kuna safu imeandikwa "Toleo" na safu imeandikwa "Hali". Rasimu ya 3 na ya 4 zote mbili zinaonyesha "Imeidhinishwa".

#7 Kaka Jembe
ZOTE MBILI?

Basi nafuta dau langu la #3. Alama ya "hai" haiwezi kuleta hali hiyo. Hapo kuna mtu aliidhinisha mara mbili, au mfumo ulipandisha zote pamoja. Tafuta kumbukumbu za mfumo: nani, saa ngapi, kwa kifaa gani. Fundi wenu akikwambia hazipo, mwambie azitafute tena.

#8 Chuma cha Pua
Nilisema kuna mtu.

#9 Mama Ndizi
Habari zenu. Mimi ni meneja wa SACCOS, huku Kagera. Sisi programu yetu ni ndogo, ila kisa kama hiki kimetupata na chanzo kilikuwa barua pepe.

Rasimu ikipanda, mfumo unamtumia mwidhinishaji barua pepe yenye kiungo: "Bonyeza hapa kuidhinisha". Mwenyekiti wetu ni mzee wa miaka 71, mtu wa heshima zake, barua pepe anasoma kwa simu ya mjukuu. Alikuwa na barua tatu za rasimu tatu, zote zina kichwa kilekile. Akafungua ya juu, ambayo kwenye simu ile ilikuwa ya zamani kuliko zote. Akabonyeza. Kiungo cha zamani kikakubali!

Tangu siku ile nimeomba vichwa vya barua viandike namba ya rasimu na kasma zilizobadilika. Mwenyekiti akiona "Rasimu ya 2: posho za vikao zimepungua" anajua ni ya lini.

#10 Binti Vuga
Mama Ndizi, kwetu Unguja ilikuwa kinyume. Mkubwa habonyezi kitu. Paswedi yake anayo katibu muhtasi, imeandikwa kwenye karatasi ya njano chini ya kibodi. Mkubwa akiwa safarini anapiga simu, "Bi fulani, nipitishie". Unadhani Bi fulani anasoma kasma? Anapitisha foleni nzima mpaka kioo kiwe cheupe.

Nanga, uliza paswedi ya mwenyekiti wenu inalala wapi.

#11 Mwana Likoni
Hamjambo wenzangu. Nawasalimu kutoka pwani ya Kenya, nimefanya kazi ya bajeti kwenye kaunti moja.

Naona mnalaumu mitambo na watu binafsi. Mimi nasema shida ni ratiba. Kwetu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imepanga: waraka wa bajeti unatoka kufikia 30 Agosti, mkakati wa fedha wa kaunti unafika bungeni kufikia 28 Februari, makadirio nayo yanafikishwa mwanzoni mwa Juni. Tarehe zinabana, basi watu wanapandisha rasimu ambayo haijaiva ili ionekane imepanda, wakitumaini kuirekebisha ikiwa juu. Rasimu inayosahihishwa ikiwa juu ndiyo inayozaa pacha.

Na pengine hata ratiba ikifuatwa mambo yanapinduka. Mnakumbuka Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipokataliwa saini tarehe 26 baada ya maandamano? Shilingi bilioni 346 za mapato yaliyotarajiwa zikatoweka siku chache kabla ya mwaka mpya wa fedha. Serikali ikarudi mezani na bajeti ya ziada. Hakuna programu duniani ingezuia rasimu mpya pale.

#12 Mkaguzi Mstaafu
Mwana Likoni, makadirio ya kaunti yanafikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Juni ni kuelekea kuidhinishwa, ili Julai mosi ikute kila kitu tayari.

#13 Mwana Likoni
Kweli mzee, 30 Aprili. Nimechanganya kufikisha na kupitisha. Ahsante.

#14 kibatari88
Hahaa, mzee leo kashika kalamu nyekundu. Tukae mkao wa kusahihishwa.

Mwana Likoni, neno lako "rasimu haijaiva" nimelipenda. Kwetu tunapandisha mbichi kila Januari.

#15 Dalili ya Mvua
Samahani wakuu, mimi ni mwanafunzi wa uhasibu mwaka wa pili. Kwa nini msitumie Excel moja tu iliyoshirikishwa mtandaoni, kila mtu aone mabadiliko papo hapo? Rasimu zinakuwa za nini?

#16 Kaka Jembe
Swali zuri mdogo wangu. Faili moja linaloandikwa na wote linakuonyesha bajeti ilivyo *sasa*. Bodi haikupitisha "sasa", ilipitisha namba za Ijumaa moja saa fulani. Lazima upate mahali pa kuzigandisha namba hizo zisiguswe na mtu, hata na mkurugenzi.

Programu kubwa zina namna yao. Oracle Hyperion Planning, kwa mfano, inafunga vitu vitatu pamoja: hali ya mpango (kama vile bajeti au makisio), toleo, na idara. Fungu hilo kila wakati lina mmiliki mmoja. Ukilipandisha kwa bosi wako umeachia, huwezi kubadilisha hata senti mpaka akurudishie. Ndiyo maana watu wa idara wanachukia kupandisha mapema, na ndiyo maana pacha hawazaliwi kirahisi.

#17 Mwana Likoni
Hyperion naijua, ndiyo tunayoingizia bajeti Kenya, imeunganishwa na IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha. Hilo la kuachia ni kweli. Ila ongeza na hili: mtu akishaachia na bado ana marekebisho, anayaandika pembeni kwenye Excel yake. Zikirudi, ana rasimu mbili kichwani na moja kwenye mfumo. Kufuli haliui rasimu, linaihamishia kwenye mkoba wa mtu.

#18 kibatari88
Mwana Likoni umegonga penyewe. Hapo kwenye mkoba nina historia ndefu.

Wakati naanza kazi, PlanRep, programu ya mipango na bajeti ya halmashauri, ilikuwa ile ya zamani iliyojengwa juu ya Microsoft Access, inakaa kwenye kompyuta moja moja. Afya wana yao, elimu wana yao, siku ya kuunganisha kila idara inaleta flashi. Nimewahi kukaa usiku wa manane na flashi sita mezani, mbili zimeandikwa AFYA kwa kalamu ya wino, moja ya Jumatatu moja ya Jumatano, na mwenye nazo kazima simu. Tuliamua kwa kuangalia ipi ina mpango wa ukarabati wa zahanati ya kijiji fulani, kwa sababu tulikumbuka kwamba hilo liliongezwa kikaoni. Binadamu ndiye aliyekuwa kumbukumbu. Chapati na chai ya rangi mpaka alfajiri.

Ilipokuja ya mtandaoni, 2016, tukapumua.

#19 Mdau wa Kigogo
Ya mtandaoni ilizinduliwa 2017, Dodoma, pamoja na FFARS, mfumo wa hesabu za fedha wa vituo vya kutolea huduma. Nilikuwepo kwenye mafunzo.

#20 kibatari88
Ni 2017, umenishika. Lakini chai ya rangi sijaikosea.

#21 Binti Vuga
Naomba nitoke nje ya mada kidogo, ila naona si nje sana. Hilo neno "Toleo" kwenye safu ya mfumo wa Nanga. Toleo ni kitu kilichotolewa. Gazeti toleo la Jumapili, kitabu toleo la pili. Kabla hakijatolewa ni rasimu. Sasa mfumo unaandika "Toleo 3" juu ya kitu ambacho bado kinachezewa jikoni. Mtu wa bodi, mwalimu mstaafu anayejua Kiswahili chake, akiona "Toleo 3" na "Toleo 4" anaelewa zote mbili zimeshatolewa. Atabonyeza zote bila wasiwasi.

Na "ilipokea na kuridhia" nayo vilevile. Kupokea ni kupokea. Kuridhia ni kukubali moyoni. *Kupitisha* ndiko kunakoipa bajeti nguvu. Mimi nikiandika muhtasari siweki maneno mawili penye kazi ya moja.

#22 Mkaguzi Mstaafu
Binti Vuga, kwa hili nakuvulia kofia. Nimeona hoja za ukaguzi zikigeuka kesi kwa sababu ya neno "kupokea".

#23 Chuma cha Pua
Maneno hayo mazuri, ila tusimfanye mtu wa bodi asiwe na hatia kwa sababu ya sarufi. Karatasi aliwekewa mezani. Alisikia mafuta yamepanda. Angesoma.

#24 Mto Ruzizi
Jambo wapendwa. Niko Bukavu, tunaendesha miradi ya maji. Kwetu Congo mwaka wa fedha ni Januari hadi Desemba, mfadhili wetu mmoja yeye anahesabu kuanzia Aprili. Bajeti iko kwa dola kwa mfadhili, kwa faranga kwa malipo ya hapa. Kila kiwango cha kubadilishia fedha kikisogea, programu inatengeneza rasimu mpya yenyewe bila mtu kugusa. Mwaka mmoja tulifika ya 19.

Dawa tuliyopata: kiwango kinafungwa siku ya kikao na kinaandikwa kwenye jina la rasimu. Kikibadilika baadaye, tofauti inakaa kwenye mstari wake peke yake, bajeti haiguswi.

Nanga, angalia kama rasimu yenu ya 4 ilitengenezwa na mtu au na mfumo. Pengine mfumo wenyewe haukuihesabu ya 4 kama rasimu kamili.

#25 Mama Ndizi
19! Mungu awasaidie.

#26 Kaka Jembe
Kwa wote mlioshikwa na hili la jumla kuwa ileile, naacha mbinu ndogo isiyohitaji kununua programu.

Zipe kasma namba za mstari. Zidisha kila kiasi kwa namba ya mstari wake, kisha jumlisha. Tuseme mafuta ni mstari wa 12 na mafunzo ni wa 19. Rasimu ya 3: 12 × 18 ni 216, 19 × 31 ni 589, pamoja milioni 805. Rasimu ya 4: 12 × 26.5 ni 318, 19 × 22.5 ni 427.5, pamoja milioni 745.5. Jumla ya kawaida inasema ziko sawa, hii inapiga kelele ya milioni 59.5. Pesa ikihama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, namba hii inatikisika. Iandike kwenye muhtasari karibu na jumla kuu. Siku ya kusukuma, fanya hesabu ileile kwenye mfumo wa malipo. Zikitofautiana, simama.

Inaweza kudanganyika pesa zikihama mistari mingi kwa namna ya kufidiana, lakini kwa bahati mbaya tu si rahisi.

#27 Dalili ya Mvua
Nimeijaribu kwenye Excel kwa SUMPRODUCT, inatoa papo hapo. Ahsante sana kaka.

#28 Mkaguzi Mstaafu
Nzuri, kijana. Lakini watu wawili na kalamu wasiachwe. Hesabu inakwambia kuna tofauti. Anayesoma kwa sauti anakwambia iko wapi, na anakumbuka kwa nini.

#29 Nanga ya Ziwa
Wakuu, nimerudi. Fundi kanipa kumbukumbu za mfumo baada ya kumng'ang'ania siku mbili.

Ijumaa 14 Juni 2024. Saa 10:42 jioni, akaunti ya mwenyekiti wa kamati ya fedha imeidhinisha rasimu ya 4, kwa simu. Saa 10:51, akaunti hiyohiyo imeidhinisha rasimu ya 3, kwa kompyuta ya ofisini kwetu. Dakika 9. Mfumo umechukua idhini ya mwisho.

Nimempigia mwenyekiti. Anasema alibonyeza mara moja tu, kwa simu yake, akiwa ndani ya gari njiani kwenda nyumbani. Namwamini, nimemfahamu miaka 6.

Mto Ruzizi, rasimu ya 4 ilitengenezwa na meneja wangu kwa mkono, asubuhi ya kikao.

#30 Binti Vuga
Karatasi ya njano.

#31 Mama Ndizi
Au alikuwa ameifungua akaunti yake ofisini kabla ya kikao, akaondoka bila kuifunga, na barua ya rasimu ya 3 ikabaki wazi kwenye kioo. Mtu akapita akabonyeza akidhani anasaidia. Tusimhukumu mtu kwa nia mbaya kabla hatujajua.

#32 kibatari88
Na kwa nini mtu aone haja ya kusaidia saa 10:51 ya Ijumaa? Kwa sababu kuna mwisho wa kuwasilisha. Nanga, mlikuwa na tarehe ya mfadhili siku ile?

#33 Nanga ya Ziwa
Ndiyo. Mfadhili alitaka uthibitisho kabla ya saa 11 jioni.

#34 Mwana Likoni
Ratiba. Nilisema #11.

#35 Chuma cha Pua
Ratiba haina vidole. Nani alikuwa ofisini?

#36 Nanga ya Ziwa
Nimemuuliza mlinzi, daftari lake la kutoka lipo. Saa 10:51 tulikuwa ndani wanne, na mmoja wao ni mimi. Nakumbuka nilikuwa chumba cha nyuma nachapa uthibitisho wa mfadhili. Kompyuta ile iko mapokezi, kila mtu anaipita. Wengine watatu nitakaa nao Jumatatu, mmoja mmoja, bila meneja.

La muhimu zaidi: mwenyekiti amesaini leo uhamisho wa milioni 8.5 kutoka mafunzo kwenda mafuta, na muhtasari safari hii una namba ya rasimu. Mafuta yanaingia kesho saa 12 asubuhi, boti inaanzia kisiwa cha mbali zaidi.

#37 Mama Ndizi
Alhamdulillah. Kina mama wafikiwe kwanza, hayo mengine yatasubiri.

#38 Mkaguzi Mstaafu
Nanga, barua ya uhamisho itaje kwamba inarekebisha uingizaji wa Juni, si mahitaji mapya. Ukiandika "mafuta yamezidi matarajio", mwakani utaulizwa kwa nini boti inakula sana. Na usiifute rasimu ya 3 kwenye mfumo. Ni ushahidi.

#39 Kaka Jembe
Mimi bado sijatosheka. Awe nani aliyebonyeza, ya 4 ilikuwa imeshaidhinishwa dakika 9 nzima. Mfumo gani unaikubali idhini ya rasimu iliyokwisha kupitwa, bila hata kuuliza "una hakika"? Nanga, muulize fundi wako swali hilo kwa maandishi, na umwombe akujibu kwa maandishi.

#40 Chuma cha Pua
Jumatatu usisahau kuturudia na majina.

#41 Nanga ya Ziwa
Majina hapana, mkuu. Kilichotokea nitawaeleza. Kaka Jembe, barua kwa fundi nimeituma sasa hivi.